Pembe ya Kulia ya Tingatinga

Malinya, Kakamega
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naandika nikiwa mzima, na natumaini barua hii itakukuta nawe mzima, na kwamba kile kikohozi ulichokuwa nacho wakati wa likizo kimekwisha, au angalau kinakuacha ulale. Goti la Mama je? Na mvua imefika Rabai, au bado mnaitazama ikipita upande wa baharini? Hapa inanyesha kila alasiri. Shangazi ameacha hata kukimbilia nguo kwenye kamba. Anasema zikilowa zitakauka kesho, na zisipokauka kesho si mwisho wa dunia.

Habari ninayokuandikia inahusu mwisho wa dunia kidogo, na ng'ombe zaidi. Mwishoni nitakuomba ruhusa ya jambo moja, kwa hiyo tafadhali soma mpaka chini kabla hujasema hapana.

Ulinifundisha kwamba barua nzuri huwaleta watu kwanza, halafu mambo yao. Mjomba Musonye, mume wa Shangazi, unamjua kwa siku ya harusi tu, alipovaa suti akanyamaza kutwa. Nyumbani kwake hanyamazi. Anafuga fahali mmoja mweusi wa kupigana, jina lake Tingatinga. Fahali huyu halimi wala havuti mkokoteni. Anakatiwa majani, anaimbiwa, na mara mojamoja, Jumamosi alfajiri, anasindikizwa kwa ngoma za isukuti mpaka uwanjani akapambane na fahali wa kilima kingine. Anayekimbia ameshindwa, basi. Watu wa hapa wanauchukua mchezo huu kwa uzito ule ule ambao sisi tunauchukua msiba.

Zamani, anavyosema Shangazi, fahali walipigana kwa pembe walizozaliwa nazo. Kisha mwenye fahali mmoja akaanza kuzinoa kwa tupa, ile ya kunolea panga. Wa pili akanoa ili asizidiwe, na wa tatu akanoa kwa sababu wawili wamenoa. Mwaka jana Tingatinga alifungana pembe na Kiraka, fahali wa Bwana Lukhale anayekaa ng'ambo ya kijito. Walipoachana waliwageukia watu, na mpiga ngoma mmoja akapasuliwa paja. Vumbi lilikuwa jingi, na hakuna aliyeweza kusema ilikuwa pembe ya nani. Mjomba anasema ya Kiraka. Bwana Lukhale anasema ya Tingatinga. Yule mpiga ngoma sasa anatembea kwa mkongojo. Binti yake anaitwa Ayuma, nami nakaa naye dawati moja.

Baada ya ajali hiyo wenye fahali wadogo walikutana katika ukumbi wa kanisa, wakakubaliana kwamba hakuna atakayenoa tena. Mjomba na Bwana Lukhale, wenye fahali wakubwa kuliko wote, hawakuingia. Walisimama nje, kila mmoja upande wake wa mlango, wakiwacheka waliomo ndani.

Sasa nije shuleni. Mwalimu wetu wa historia, Mwalimu Nekesa, alitutaka tuigize mkutano wa mataifa unaojadili mkataba wa kupiga marufuku silaha za nyuklia. Mkataba wenyewe upo kweli, Baba, na umeshaanza kutumika. Unakataza kutengeneza silaha hizo, kuwa nazo, kuzijaribu, hata kutishia kuzitumia. Alitueleza kwamba nchi yetu ilikuwa miongoni mwa zile zilizopiga kura kuupitisha, ila kwa anavyojua yeye bado haijatia sahihi, ingawa bara letu lina mkataba wake wa kuzikataa. Nchi zenye silaha hizo hazikuketi katika mazungumzo. Siku yalipoanza, baadhi ya wajumbe wao walisimama nje ya ukumbi, wakaeleza kwa nini hawaingii. Niliposikia hivyo nilimkumbuka Mjomba na mlango wa kanisa, nikainamisha uso nisicheke.

Nilitaka kuwa Kiribati, visiwa vya Pasifiki ambako mataifa makubwa yaliwahi kulipua mabomu yao ya majaribio. Tulichagua kwa kuokota vikaratasi kwenye kikapu. Kiribati ikamwangukia Ayuma. Mimi nikaokota karatasi iliyoandikwa Taifa Lenye Silaha, bila jina, kwa sababu Mwalimu hakutaka tuitukane nchi ya mtu. Nilimwambia siwezi kutetea jambo nisiloliamini. Akasema, "Basi nenda ukamtafute mtu anayeliamini, umsikilize vizuri."

Sikuhitaji kwenda mbali. Jioni nilimkuta Mjomba akimsugua Tingatinga mgongo.

"Mjomba, kwa nini ulikataa kukubaliana na wenzako?"

"Wenzangu gani? Wale wenye ndama?" Aliendelea kusugua. "Sikia, Kadzo. Mwenye ng'ombe mdogo anapendanga sheria sana. Sheria ndiyo pembe yake."

"Na wewe?"

"Mimi niko na pembe."

Nilimuuliza kama haogopi kwamba mtu mwingine ataumia. Akaniangalia kama mtu aliyeonewa. "Mimi sinoi nipige mtu. Mimi nanoanga ili Lukhale asithubutu. Sasa wewe unataka niweke tupa kwa sanduku. Sawa, nimeweka. Harafu nani ataingia kwa boma ya Lukhale kuangalia sanduku yake?"

"Si mkaguane? Yeye aje ashike pembe zako, na wewe ushike zake."

Alicheka mpaka fahali akainua kichwa. "Mkono wa Lukhale? Kwa kichwa ya Tingatinga?" Akamwita Shangazi. "Mama, njoo usikie mtoto wako."

Shangazi alinieleza jikoni. Hapa jirani hamgusi kichwani fahali wa mwenzake kabla ya pambano, kwa maana huenda mkono umepakwa dawa ya kumlegeza. Hata rafiki hagusi. Ndiyo maana yale makubaliano ya ukumbini yana miguu dhaifu. Kila mmoja ameahidi, na hakuna anayeweza kumpapasa mwenzake ajue.

Siku ya mkutano wazazi walialikwa. Shangazi alikuwa na sare za kushona, kwa hiyo alikuja Mjomba. Akakaa nyuma kabisa, kofia juu ya goti.

Nilikuwa nimepanga kufungua kwa ile methali ya fahali wawili wanaopigana na nyasi kuumia, lakini Mwalimu alinionya kwamba darasa zima litafungua kwa hiyo, na kweli wengi walifanya hivyo. Mimi nikafungua kwa maneno ya Mjomba. Nilisema mwenye silaha ndogo hupenda sheria kwa sababu sheria ndiyo silaha yake. Nilisema taifa langu halina silaha ili lipige, linazo ili asithubutu mtu. Nikauliza nani ataingia katika maghala ya adui yangu kuhakikisha. Kisha nikaongeza jambo tulilosoma. Majaji wa mahakama ya mataifa waliwahi kuulizwa juu ya silaha hizi. Walisema kwa jumla kuzitumia ni kinyume cha sheria za vita, ila wakashindwa kukata shauri la taifa ambalo uhai wake wenyewe uko hatarini. "Basi," nikasema, "kama majaji walishindwa, nyinyi mnataka mimi niweze?"

Walinipigia makofi mengi, Baba. Sikuyafurahia kama nilivyodhani nitayafurahia. Nilimtazama Mjomba nikaona hapigi.

Ayuma alisimama baada yangu. Ni msichana wa sauti ndogo, na hakuongeza sauti. "Mheshimiwa wa Taifa Lenye Silaha anatuambia silaha ni yake na adui ni wake," alisema. "Ilipolipuka kwetu, haikuwa yetu. Hatukuwa na adui. Tulikuwa karibu tu." Akakaa. Hakusema neno juu ya baba yake. Sidhani hata alikuwa akimfikiria, lakini mimi nilimfikiria.

Tulipiga kura. Mataifa yote yasiyo na silaha yalikubali, mimi nikakataa, na azimio likapita. Mwalimu Nekesa akauliza, "Sasa mmepata sheria. Inamfunga nani?" Msichana mmoja akajibu, "Sisi tuliokubali, ambao hatuna." Ukumbi ulicheka kidogo. Mwalimu hakucheka. Alisema sheria nyingi za dunia zilianza hivyo, kwa wasio nacho, na kazi yake ya kwanza ni kumfanya mwenye nacho atafute maneno ya kujieleza. Alisema pia Afrika Kusini iliwahi kutengeneza mabomu hayo, kisha ikayavunja yenyewe na kuwafungulia wakaguzi mlango. "Kwa hiyo msiniambie haiwezekani," alisema. "Niambieni ni vigumu. Hiyo nitakubali."

Tulirudi kwa miguu, Mjomba mbele, mimi nyuma. Tulipita soko lote.

"Yale maneno yalikuwa yangu," alisema mwishowe.

"Ndiyo, Mjomba."

"Uliyasema vizuri. Kuriko mimi."

Tukatembea tena. "Na yule wa kisiwa," akauliza, "ni mtoto wa nani?"

Nilimwambia ni wa yule mpiga ngoma. Tulipofika kijitoni, badala ya kupanda kwetu, alivuka.

Bwana Lukhale alikuwa uani akipukuchua mahindi na mkewe. Ni mtu mfupi, mcheshi kwa namna ya kuudhi.

"Musonye. Umepotea njia?"

"Mulembe, Lukhale," Mjomba akamsalimu. "Sijapotea. Jumamosi tunapigana. Nasema hivi, pembe butu. Yako na yangu."

"Na nani ataangalia? Wewe?"

"Huyu."

Bwana Lukhale alinitazama kutoka kichwani hadi viatuni. "Shangazi yake anakupikia, na yeye ndiye refa? Hata kuku wangu wanacheka."

"Si wa ukoo wangu, si wa ukoo wako. Ni mtu wa Pwani. Hana ng'ombe hapa, hana shamba hapa, akimaliza shule anarudi kwao. Na anasemanga ukweri hata kama hujamuuliza. Uliza bibi yangu juu ya mrenda."

Baba, ni kweli kwamba wiki yangu ya kwanza hapa nilisema mboga ya Shangazi inateleza kama kamasi. Sikujua habari hiyo imevuka kijito.

Mke wa Bwana Lukhale ndiye aliyemaliza shauri. Hakuinua macho kutoka kwenye mahindi. "Mwacheni ashike," alisema. "Lakini mikono yake nitaosha mimi. Mbele ya watu."

Hakuna aliyeniuliza kama nataka. Nililigundua hilo tulipokuwa tumeshafika nyumbani, na kufikia hapo nilikuwa nimeshataka.

Jumamosi uwanja ulijaa kabla ya jua. Mke wa Bwana Lukhale alikuja na beseni, sabuni ya kipande na majivu katika kopo. Aliniosha kama anayeosha sufuria, akaingia hadi chini ya kucha, akanigeuza viganja watu waone, kisha akanikataza kujifuta kwenye sketi. Ilibidi nisimame nimeinua mikono mpaka ikauke. Vijana wa ng'ambo waliniita daktari. Mmoja akauliza kama baadaye nitampima na yeye. Ayuma alikuwa kando ya baba yake na mkongojo, na hakuwa anacheka.

Nilianza na Kiraka. Wanaume wanne walimshika kwa kamba. Pembe zake zilikuwa zimekatwa ncha, nadhani siku hiyo hiyo, maana zilinuka kama ukucha unaoungua. Nilipitisha kiganja juu ya ya kulia, kisha ya kushoto. Nikasema, "Butu." Watu wake walipiga kelele kidogo.

Tingatinga ananijua. Alinipumulia shingoni. Pembe ya kushoto ilikuwa butu, imesuguliwa ikawa mviringo kama kisigino. Ya kulia ilikuwa na tope, na tope si ajabu, fahali wote hujisugua ardhini. Nilipitisha kiganja. Chini ya tope kulikuwa na ncha. Haikunikata. Ilinikwaruza tu, kama ukingo wa kopo.

Sikufikiri kwa muda mrefu, ingawa nilipata nafasi ya kufikiri mengi. Nilifikiri kwamba nakula kwa mtu huyu. Nilifikiri kwamba hakuna mwingine ambaye angewahi kuigusa pembe ile. Pia nilielewa jambo ambalo sikulielewa ukumbini, kwamba mkaguzi si mtu anayejua mengi. Ni mtu ambaye neno lake litaachwa lisimame peke yake, hata kama linamuumiza aliyemleta.

"Ya kulia bado ni kali," nikasema.

"Sikusikia," alisema Bwana Lukhale, ingawa alikuwa karibu kuliko wote.

Nikasema tena kwa sauti, uwanja wote ukasikia. Mjomba alinitazama. Sijui kusoma uso wake, Baba, na sitajifanya najua.

"Huyu ng'ombe anakataanga nimguse upande huo," alisema.

Watu wakacheka. Huenda ni kweli. Nimewahi kumwona akimsukuma kwa bega upande huo. Huenda si kweli. Sijamuuliza na sitamuuliza. Nilichokiona ni kwamba tupa ilikuwa katika mfuko wa koti lake. Aliitoa, akamshika Tingatinga sikio, akaisugua pembe ile mbele ya kila mtu mpaka unga mweupe ukaanguka juu ya viatu vyake. Kisha akaniita. "Angalia tena." Nikaangalia tena. Bwana Lukhale alikuwa ameacha kucheka. Mke wake alikuwa ameshika lile beseni tupu kifuani kama mtoto.

Walipigana muda mrefu, vichwa vimegandana, wakisukumana kama watu wanaohamisha kabati. Mwishowe Tingatinga aligeuka akakimbia, akapita katikati ya shamba la mahindi la mtu, ambalo tutalipalilia upya. Wapiga ngoma walikimbia pembeni mwa fahali kama kawaida yao. Hakuna aliyeumia. Baba yake Ayuma alisimama mpaka mwisho, halafu akamwomba mwenzake amwachie ngoma, akapiga kidogo akiwa ameegemea mkongojo.

Mjomba alirudi nyumbani nyuma ya fahali wake, mbali na watu. Siku zilizofuata alizungumza na ng'ombe, na mbwa, na Shangazi, lakini si na mimi. Nilianza kufikiri nikuandikie unitafutie nafasi shule ya huko.

Leo, baada ya ibada, Shangazi amechinja kuku. Usione ni jambo dogo. Kuku hapa ana mpangilio wake kama bunge, na firigisi ni ya mwenye nyumba. Msichana haigusi. Nilipofika mara ya kwanza niliiokota bila kujua, na Shangazi akaninyang'anya mdomoni kabisa. Leo tulipokaa kula obusuma, yaani ugali, Mjomba alikata tonge lake, akaitazama ile firigisi pembeni ya sahani yake, kisha akaisukuma kwa kidole mpaka kwenye sahani yangu. Shangazi aliacha kutafuna.

"Kula," alisema Mjomba. "Mwezi ujao ni ng'ombe wa Shinyalu. Hao si watu wa kuamini. Utakuja?"

Nilimwambia lazima nimuulize baba yangu. Akasema, "Basi andika sasa hivi." Ndiyo maana naandika na mikono bado inanuka mchuzi.

Ruhusa ninayoomba ni hiyo, Baba. Wenye fahali wadogo nao wameleta neno kwamba wanataka mkono wa mgeni, na Bwana Lukhale anasema mkewe ataosha. Ni Jumamosi asubuhi tu, na sitakosa kipindi hata kimoja. Najua si kazi ya msichana, na wapo hapa wanaolisema hilo kwa sauti. Najua pia kwamba fahali si mabomu. Pembe huonekana, na aliyezinoa hukutana sokoni na mtu aliyeumia. Lakini nimeona mtu mwenye pembe kali akitoa tupa mfukoni mwake mwenyewe, na kabla ya hapo nilikuwa nimelisoma hilo vitabuni tu. Mwalimu Nekesa anasema kuna watu wazima ambao hiyo ndiyo kazi yao, kuingia mahali pa hatari na kusema walichokikuta. Ningependa siku moja nijue wanasomea wapi.

Nisalimie Mama, umwambie nakunywa maji yaliyochemshwa. Nisalimie Bibi Kache, mzazi wako, na umhakikishie kwamba huku hakuna baridi kiasi anachofikiri. Kaka Chengo, ambaye sasa ndiye anayewasha taa ya mezani badala yangu, mwambie asitumie kamusi yangu kuzuia mlango. Na Mama Sidi, jirani yetu wa mnazi uliopinda, mwambie kanga yake naivaa kanisani na watu wanaulizia maandishi yake.

Shangazi Mbodze anakusalimu na anasema hana la kuongeza, mrenda wake sasa naula.

Mimi binti yako anayekukumbuka,
Kadzo

Mjomba amesoma ukurasa wa mwisho juu ya bega langu. Anasema nikuandikie kwamba pembe zote mbili sasa ni butu, na kama huamini, uje uzishike mwenyewe. Sabuni ipo.